Glasi Yenye Uzi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia baa kwa bahati mbaya, na mfuko wa nguo chafu begani.

Kosa si langu. Mashine ya kufulia ya jengo letu imekufa wiki iliyopita. Mlinzi wa mlangoni alinielekeza mtaa wa nyuma: pita duka la miwani, utaona dirisha kubwa lenye mvuke. Nikapita duka la miwani. Nikaona dirisha kubwa lenye mvuke. Nikaingia, nikasema habari za jioni, nikauliza sabuni iko wapi.

Watu kama saba wakanigeukia. Hakukuwa na mashine hata moja. Kulikuwa na viti visivyofanana, kochi lililobonyea katikati, taa za mezani kama za sebule ya shangazi, na chupa ukutani kutoka sakafuni mpaka karibu na dari. Baa ya mvinyo! Nyuma tu ya kitanda changu! Na mimi nimeishi ugenini miezi yote hii nikila mkate peke yangu dirishani.

Mwanamke mmoja mnene, miwani imening'inia shingoni na kizibo cha chupa kimesahauliwa nyuma ya sikio, akaupokea mfuko wangu bila kuuliza neno, akautundika pamoja na makoti ya watu. Akasema sabuni hana, ila kuna mvinyo mwekundu ambao tayari umefunguliwa. Nimempa jina la Mama Kizibo. Kwake hakuna menyu. Unakunywa kilichofunguliwa, unakaa palipo wazi.

Nikakaa kwenye kochi, kati ya daktari wa meno na dereva wa basi. Walikuwa wanabishana kuhusu mlango wa choo unaolia. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi wala nitarudi kwetu lini. Waliniuliza tu naonaje kuhusu bawaba. Nikasema zitiwe mafuta. Wakakubali, ubishi ukaendelea.

Mvinyo wenyewe mkali kama dawa ya minyoo. Nikaumwaga kwenye chungu cha mmea pembeni ya kochi. Mmea mzuri, una majani mapana.

Lakini jicho langu halilali. Nyuma ya kaunta kuna ubao wenye kulabu, na kwenye kulabu zinaning'inia glasi chache nene zenye mkono, kila moja imefungwa uzi wa sufu wa rangi yake. Sisi wengine tunapewa glasi nyembamba za kawaida. Daktari wa meno akiomba kinywaji, anashushiwa ya uzi wa bluu. Dereva wa basi, ya uzi wa njano. Nikaelewa papo hapo. Kila mahali pana wakubwa na wadogo. Mahali panapojifanya hapana wakubwa, ujue hapo ndipo walipojificha.

Nguo nimezisahau kule kule.


Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amepiga simu. Sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Amesema yuko tayari kuja na binti yetu, tuishi wote hapa mpaka mkataba wangu uishe. Lakini hamleti mtoto mahali ambapo baba yake hana watu. Akaniuliza, nikiteleza bafuni nikaanguka, nani atajua? Nikamtaja mlinzi wa mlangoni. Akauliza mlinzi ana watoto wangapi. Nikajifanya simu inakatika.

Kwa hiyo anamtuma kaka yake mkubwa. Shemeji anafika Jumamosi ya wiki ijayo, kukagua. Ni mkaguzi wa shule mstaafu. Enzi zake alikuwa anasimama mlangoni mwa darasa bila kusema kitu, na walimu wanaanza kukiri wenyewe. Atakalosema Shemeji, ndilo mke wangu atakalofanya. Akisema hapana, ni miaka miwili mingine ya simu. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na mimi nimeyaona mapengo kwenye kioo cha simu. Nimewakumbuka mpaka kifua kinauma. Siwezi miaka miwili mingine.

Nikapiga moyo konde nikamwambia mke wangu kwamba watu ninao. Wengi. Wa karibu. Tuna baa yetu tunapokutana. Akauliza, baa? Nikamwambia ni mahali pa heshima, na wenye heshima zaidi wana glasi zao wenyewe, zenye uzi, na mimi ninayo yangu. Akauliza uzi wa rangi gani.

Nikasema mwekundu.

Kwa hiyo sasa nahitaji glasi yenye uzi mwekundu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.


Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza: utaalamu.

Ni wazi kwamba uzi wanapewa wanaojua mvinyo. Mchana, nikiwa juu ya lifti ya ghorofa kumi nikipaka waya grisi, nimesikiliza mafundisho yote kwenye simu. Unazungusha glasi. Unanusa. Unafumba macho. Unataja mlima.

Jioni nikazungusha, nikanusa, nikafumba macho. Nikatangaza kwa sauti ya kuenea chumba kizima kwamba zabibu hizi zilikua upande wa mlima unaopata jua la asubuhi, mwaka wa mvua chache, na aliyezichuma alikuwa mtu mzima mwenye huzuni. Daktari wa meno akaniangalia mdomo. Mama Kizibo akasema kwa upole kwamba nimejimiminia kutoka jagi la dereva wa basi, na dereva ana zamu ya alfajiri, kwa hiyo ile ni juisi ya boksi.

Walicheka. Si kicheko kibaya. Lakini kicheko si uzi.

Na haya yote ni madogo. Kubwa ni kwamba Mpima Ardhi alikuwepo! Mpima Ardhi ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, mgeni mwenzangu, amekuja mji huu baada yangu, na kila asubuhi anatembea juu ya kichwa changu kama anayepima dari yangu kwa visigino. Alikuwa amekaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Mkononi ana glasi nene. Uzi wa kijani! Roho iliniuma kama jino.

Akaniita jirani, akanisogezea jibini. Nikacheka kwa meno tu. Nikamuuliza aliipataje ile glasi. Akashika masikio, akasema ni aibu, anaomba tusilizungumzie. Hao ndio wakubwa wa kweli. Wanajua kujishusha.


Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa pili: glasi nijipe mwenyewe.

Nimenunua glasi nene yenye mkono, pacha kabisa na zile. Uzi mwekundu sikuupata dukani. Nina sweta jekundu alilonifumia mama mkwe. Nikasema nivute uzi mdogo tu kwenye ncha ya mkono, hakuna atakayejua. Nikavuta. Ukaja. Ukaendelea kuja. Nilipofanikiwa kuukata, sweta lilikuwa limebaki na mkono mmoja.

Niliwahi kufika baa. Mama Kizibo aliposhuka stoo ya chini kuchukua chupa, nikaruka nyuma ya kaunta. Kulabu ya juu kabisa ina glasi kubwa ya uzi mweupe, imejaa vumbi, kama inaheshimiwa sana. Nikatundika yangu chini yake. Nikarudi kwenye kochi, nikakunja nne, nikaangalia dari.

Mama Kizibo akapanda anahema, kreti imemkandamiza kifua. Akaiona. Akaishusha, akauliza ni nani kasahau kikombe chake. Hakuna aliyejibu. Mimi ndiyo kabisa. Akasema basi kitafaa kumwagilia mmea, maana mmea wa pembeni ya kochi siku hizi hauko sawa, majani yamelegea kama mgonjwa. Daktari wa meno akanitazama, kisha akautazama mmea. Nikakohoa.

Nikamnong'oneza dereva wa basi, ile ya uzi mweupe ni ya nani? Naye akashusha sauti. Ni ya fundi wa piano, amehamia mji mwingine. Akaongeza kwamba hakuna aliyewahi kumfikia yule, wala hawatarajii kumpata mwingine. Nywele zikanisimama.

Mfuko wangu wa nguo bado uko pale kwenye makoti. Naona haya kuuchukua. Watajua sina mtu wa kunifulia.


Jumatatu, 10 Machi

Nimepata! Nimekuwa nikihangaika bure na milima na masweta, kumbe dawa ninayo mkononi. Mimi ni fundi wa lifti.

Mama Kizibo anapandisha kreti za chupa kwa ngazi za stoo, na magoti yake yanasikika mpaka mtaani. Nitamjengea lifti ndogo ya chupa, itoke stoo ipenye katikati ya kaunta. Sakafu chini ya kaunta tayari ina tundu la zamani lenye kifuniko, walikuwa wakishushia makaa; kaunta yenyewe nitaitoboa. Mtu akikujengea lifti, utamnyima uzi?

Nikamwambia. Akasema hapana, mwanangu, asante, ngazi anazipenda, huko chini ndiko anakopumzika kutokana na makelele yetu. Nikajua ni adabu tu. Nikasisitiza. Akasema amekwisha kusema hapana. Nikasisitiza tena. Akasema haya basi, lakini nisiguse glasi zake.

Mpima Ardhi akajipendekeza kwamba yeye ana vyombo vya kupimia, anaweza kunisaidia. Nikakataa. Anataka kugawana sifa, simjui?

Kazini nikamwomba Msimamizi ile mota ya zamani iliyolala stoo tangu tubadilishe lifti ya jengo la ghorofa nane. Akauliza ya nini. Nikasema ya mafunzo. Akasema niichukue, inamzibia njia, ila nisithubutu kuiwasha bila kidhibiti mwendo. Nikacheka. Yaani Msimamizi anifundishe mimi kidhibiti mwendo.


Jumatano, 12 Machi

Kazi imepamba moto.

Reli nimezipata kwenye fremu ya kitanda changu. Kitanda ni chuma kizuri, kimenyooka, na godoro halijali likilala chini. Waya umetoka kazini. Kreti ndiyo kibanda. Uzito wa kusawazisha ulinisumbua, chuma sina, mpaka nikainua macho nikaona mfuko wangu wa nguo. Nikaupima kwa mkono. Mzito sawasawa! Nikaufunga upande wa pili wa waya. Nguo zangu chafu zimepata kazi kabla hazijapata sabuni.

Niseme ukweli, sikutegemea watu hawa. Kila jioni nikifika naona wamekwisha kusogeza viti. Daktari wa meno ananishikia tochi, na mkono hautikisiki, amezoea. Dereva wa basi analeta visahani vya jibini na kunilisha mdomoni maana mikono yangu ina grisi. Mama Kizibo anapita juu yangu na glasi zake akisema jamani, jamani, na kunifunika blanketi miguuni kwa sababu sakafu ina baridi. Nadhani wanasoma alama za nyakati. Wanajua mtu wa uzi mwekundu anakuja.

Mpima Ardhi akatupa jicho moja tu, akasema reli zimelala upande kama ule mmea. Nikamwambia lifti si shamba. Akaenda kukaa. Alipoondoka nikazipima. Zilikuwa zimelala upande kama ule mmea. Nimezinyoosha. Simwambii.

Kidhibiti mwendo kimegoma kuingia, nafasi ni ndogo. Nimekiweka pembeni. Kreti ya chupa itakimbia iende wapi?


Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi.

Nimewaeleza kwamba Shemeji anakuja Jumamosi na kwamba kila mtu ana lake la kusema. Daktari wa meno aseme tumefahamiana zamani na kwamba hawaamui jambo lolote bila mimi. Daktari akauliza je, si rahisi zaidi kusema ukweli, kwamba nakuja hapa, wananipenda, na nina maneno mengi kuhusu bawaba? Nikamwambia Shemeji si mtu wa kupewa ukweli mkavu hivyo.

Dereva wa basi nimempa sehemu ngumu. Nikishamaliza hotuba, yeye atokwe na machozi kidogo akikumbuka wema wangu. Akajaribu. Anavyolia utadhani anataka kupiga chafya. Nikamwambia afanye mazoezi akiwa kwenye usukani.

Mpima Ardhi akauliza, naye aseme nini? Nikasema yeye akae tu.


Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa juu ya godoro sakafuni. Lazima niandike kwa utaratibu.

Shemeji alifika mchana. Mrefu, mkimya, koti limefungwa vifungo vyote. Nikamshikia begi, nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani na za mama mkwe. Wote wazima. Akasimama mlangoni mwa chumba changu. Akatazama godoro chini. Akatazama mkate dirishani. Akatazama sweta la mama yake, mkono mmoja. Hakusema kitu. Nilitaka kukiri vitu ambavyo hata sijavifanya.

Jioni mapema nikampeleka baa. Shemeji hanywi, na hilo nalo nilikuwa nimelisahau. Mama Kizibo hakuuliza, akamletea maji ya moto na kipande cha limau. Shemeji akafungua kifungo kimoja cha koti. Kisha akaangalia ubao wa kulabu. Bluu. Njano. Kijani. Mweupe juu. Akaniuliza, taratibu, wangu mwekundu uko wapi. Nikamwambia Shemeji, subiri, leo ndiyo leo.

Nilikuwa nimempanga kila mtu. Glasi zote nyembamba za Mama Kizibo, zote kabisa, nimezipanga juu ya kaunta kuzunguka tundu, ili lifti ikileta chupa zijazwe hapo hapo kwa pamoja. Yeye alisema zikae kabatini. Nikamwambia mama, niamini. Nikatoa hotuba. Niligusia urafiki, maendeleo, na magoti. Nikabonyeza kitufe.

Mota ya ghorofa nane haijui kwamba safari ni ya ghorofa moja.

Kreti ilitoka kwenye kaunta kwa mwendo ambao sijawahi kuuona katika kazi yangu. Ilinipita mbele ya uso. Tulitazamana. Ikagonga dari, ikageuka, waya ukakatika kwenye mota, ikarudi chini na chupa zake juu ya glasi nyembamba zote. Na kwa kuwa kreti ilirudi chini, upande wa pili wa waya ukapanda juu. Mfuko wangu wa nguo ukafyatuka kutoka tunduni, ukapasukia hewani. Soksi. Fulana. Chupi zangu zilizochoka waziwazi. Moja ilimtua daktari wa meno kichwani.

Kimya. Mvinyo ukidondoka. Glasi nyembamba hakuna hata moja iliyobaki. Zile nene za uzi zilikuwa zinabembea kwenye kulabu zao, nzima.

Katika kimya hicho dereva wa basi akadhani zamu yake imefika. Akaanza kulia. Alilia vizuri sana safari hii, machozi ya kweli, akisema wema wa mtu huyu, jamani, wema wa mtu huyu.

Nilitamani ardhi ipasuke, na ilikwisha kupasuka, ila tundu halinitoshi. Mama Kizibo akaja moja kwa moja kwangu, akanishika mikono, akaigeuza huku na huku akitafuta damu. Hakukuwa na damu. Akanipiga kibao kidogo begani, akasema kaa chini. Wengine wote walikuwa wamekwisha kuinama. Kila mmoja alijua ufagio uko wapi, na fagio zilikuwepo za kutosha watu wote, jambo la ajabu kwa baa. Mpima Ardhi alikuwa anaokota chupi zangu moja moja na kuzikunja. Shemeji alivua koti. Akapiga magoti na kizoleo.

Sikuvumilia. Nilitoka mbio, nikamwacha shemeji yangu mkubwa sakafuni anazoa vioo. Basi. Nimemwaga unga mbele ya mkaguzi. Binti yangu ataota meno mapya nami nitayaona kwenye simu.


Jumapili, 16 Machi

Nimeamka nimemkuta Shemeji anakunywa chai dirishani, amekalia ndoo. Mfuko wa nguo uko mlangoni. Zimefuliwa. Mpima Ardhi ana mashine yake, huko juu. Kumbe kinachotikisa dari yangu ni hicho, si visigino.

Shemeji alibaki baa mpaka sakafu ikakauka. Walimweleza yote. Nikamuuliza yote ndiyo yapi. Akaniambia bila kubadilisha uso.

Zile glasi nene si za wakubwa. Ni za wavunjaji. Mama Kizibo amechoka kununua glasi, kwa hiyo mtu akivunja, anapewa nene isiyovunjika na anafungiwa uzi ili asipewe nyingine kimakosa. Daktari wa meno aliangusha trei nzima akionyesha jinsi jino la nyuma linavyong'olewa. Dereva wa basi alisimulia jinsi alivyofunga breki. Mpima Ardhi alifungua kile chombo chake cha miguu mitatu ndani ya chumba chenye watu. Na yule fundi wa piano alipitisha piano dirisha la mbele, likiwa limefungwa. Ndiyo sababu ya fagio zote zile.

Shemeji akaongeza kwamba kuhusu mmea, wanajua. Wanajua tangu siku ya kwanza. Mama Kizibo alikuwa ananipimia kidogo kwa kuuhurumia mmea, na chai anayo, ningeomba tu.

Kisha akasema amekwisha kuzungumza na dada yake. Nikajikaza. Nikauliza amemwambia nini. Shemeji akasema shuleni hakuwahi kusikiliza hotuba ya mwalimu mkuu. Alikuwa anasubiri mtoto aanguke uwanjani, aone wenzake watafanya nini. Jana amemwambia dada yake kwamba mumewe ameanguka vibaya sana, na watu wote waliinama kabla hawajauliza kosa ni la nani. Amwandae mtoto. Mwisho wa mwezi watafika.

Niliingia bafuni, nikafungua bomba maji yatoe kelele, nikalia kama mtoto. Baada ya muda mlango ukagongwa. Mpima Ardhi alikuwa amesikia kishindo cha beseni nililolipiga teke, akashuka kuuliza kama nimeteleza.

Nasikia Shemeji anamwambia niko salama, aingie anywe chai.


Jumatatu, 17 Machi

Shemeji amerudi nyumbani. Alinikumbatia! Koti limefunguliwa vifungo vyote.

Jioni nikaenda baa kuomba radhi. Sikumaliza hata sentensi. Mama Kizibo akanyoosha mkono kwenye ubao, akashusha glasi nene. Ile ile niliyoileta mwenyewe, ya kumwagilia mmea. Ina uzi mwekundu. Ndani yake chai. Wakapiga makofi. Mpima Ardhi alinipa mkono, na sikuona kijicho usoni mwake, ingawa kulabu yangu iko juu ya yake, chini tu ya ule mweupe. Nilipiga picha nikamtumia mke wangu. Amejibu kwamba binti anataka kujua kama na yeye atapata uzi.

Mama Kizibo amesema glasi nyembamba mpya zitafika mwisho wa mwezi, na lifti zibaki kazini kwangu. Nimekubali kwa moyo wote. Daktari wa meno akaniuliza kama nimejifunza kitu. Nikasema sana.

Usiku mwema, basi, na moyo umetulia.

Isipokuwa jambo moja. Nimelala nikitazama dari, nalo halinitoki. Mke wangu ataingia pale, ataangalia ubao, ataona mweupe juu ya mwekundu. Ataniuliza, huyu aliye juu yako ni nani? Nitamjibuje, mbele ya mtoto? Shemeji anasema ni alama ya kuvunja tu. Shemeji ni mtu mwema, lakini ni mgeni, amekaa pale jioni moja, hawezi kujua mambo ya ndani ya mahali pale. Mtu hawekwi kulabu ya juu bure.

Na tena, mke wangu ametoka mbali. Ni haki apokewe mlangoni tu, kama mtu aliyekuja kufua nguo? Nawaza hivi. Yeye na binti wanafungua mlango. Sioni haja ya hotuba. Taa inazimwa kidogo. Na mimi, nimevaa suti, maua mkononi, napanda taratibu kutoka stoo na kutokea katikati ya kaunta, glasi mpya zote zikimetameta kunizunguka. Nani atakumbuka fundi wa piano?

Tundu bado lipo, nitalipanua kidogo. Reli zimenyooka. Kitanda nimeshazoea kukikosa. Msimamizi ana mota nyingine stoo, ya jengo la ghorofa kumi na sita, nitamwomba kesho asubuhi kabla hajanywa chai. Nimepiga hesabu zote upya, na kosa la Jumamosi nimeliona. Mota ile ilikuwa ndogo.